Fani ya Kukaa Dunguni

Zipo fani ambazo watu huzisifu kwa kuwa zana zake zang'aa na kazi yake yaonekana, kama ya mhunzi na ya fundi wa majahazi. Lakini ipo nyingine isiyoacha alama yoyote duniani, wala haina chombo ila macho, masikio na makalio yaliyozoea ubao, nayo ni ile ya kumngoja mnyama wa mwitu mpaka mwenyewe aridhie kuonekana.

Kwa rai yangu, chuo cha fani hiyo nchini Kenya hakiko penye simba na magari ya watalii, bali kwenye kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe. Hifadhi yenyewe yapata kilomita tatu za mraba tu, na huzungukwa kwa miguu. Nzohe ana kwato ndefu zinazopanuka ili asizame matopeni, na akihisi hatari hujitosa majini akaacha pua peke yake juu, ipate hewa. Mnyama wa tabia hiyo hafukuziki wala hatafutiki.

Basi masika yaingiapo, mahindi yakipandwa pande zote za bonde, wageni hupiga hema, na kabla ya jua kuchomoza hupanda dungu la mbao lililo juu ya mafunjo, bila manukato, bila nguo nyeupe, bila mazungumzo. Wakulima wa wimbi na mtama walipanda dungu ili wapige kelele ndege waruke. Huku mtu hupanda ili hata kikohozi chake akimeze. (Wapo wasioweza, nao aghalabu ndio waliobeba kamera kubwa kuliko wote.) Saa ya kwanza huwa ngumu, kwani nafsi hudai malipo ya usingizi iliokatiwa; kisha taratibu dai hilo hufifia, na jicho, likiwa limeacha kumtaka nzohe, humwona kima wa Brazza mwenye ndevu nyeupe akishuka kwa hadhari, na korongo taji wawili wakipiga hatua za taadhima majanini. Nzohe naye akitokea, hutokea kipande kipande: sikio, pembe, mgongo uliolowa umande.

Maji ya Saiwa hatimaye huingia Nzoia, mto uipitiao nchi ya Bungoma na kuporomoka pale Nabuyole, Webuye, kabla ya kulielekea Ziwa Viktoria. Ukingoni mwake hakuna dungu wala mlinzi wa lango, ila akaaye kimya juu ya jiwe humwona mdiria wa madoa meusi na meupe akisimama hewani, mbawa zikitetema, akipima kina kabla ya kujitupa. Asemaye kwamba Bungoma hamna cha kutazamwa huenda alivuka daraja la mto huo ndani ya basi, usiku, pazia likiwa limeshushwa.