Mariamu Magdalene na Kosa Alilobebeshwa

Kila Pasaka inapokaribia, husikika makanisani mahubiri ya aina moja: Mariamu Magdalene alikuwa kahaba, Yesu akamwokoa, naye akawa shahidi wa ufufuo. Mahubiri haya hupendwa, na kina mama wengi hufuta machozi wakiyasikia. Lakini mahubiri nayo hupimwa kwa Neno, na haya tukiyapima tunayaona yamepungua.

Mpendwa msomaji, fungua Luka 8:1-3. Mwinjili anasema Mariamu alitokwa na pepo saba. Hasemi neno lolote juu ya ukahaba. Mwanamke mwenye dhambi aliyeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi yuko katika sura ya 7, naye hana jina. Mariamu wa Bethania, aliyempaka Yesu marhamu, yuko katika Yohana 12, na ni mtu mwingine. Aliyewaunganisha watatu hawa kuwa mmoja ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake huko Roma mwaka 591. Makanisa ya Mashariki hayakumfuata, na Kanisa Katoliki lenyewe liliwatenganisha liliporekebisha kalenda yake ya watakatifu mwaka 1969. Sisi Walutheri, tunaosema Maandiko peke yake, bado tunaihubiri hadithi isiyomo katika Maandiko.

Ajabu ni kwamba watu wa Pwani hatukupaswa kudanganyika. Kuanzia Bungu na Kibiti mjini hadi Nyamisati na vijiji vya ndani ya mikoko, kila mtu anajua tofauti kati ya mwenye pepo na mwenye tabia mbaya. Mwenye pepo ni mgonjwa. Ndugu humhangaikia, humpeleka huku na huko wakimtafutia nafuu, na hakuna anayemwita malaya. Kwa nini basi, tukifika kwa Mariamu, mateso yake tunayageuza kuwa zinaa? Nadhani ni kwa sababu tumezoea kwamba kosa la mwanamke, hata lisipotajwa, lazima liwe la mwili wake.

Mazoea haya hayaishii mimbarani. Binti akipata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini husimama mbele ya usharika wote. Mwanamume aliyehusika mara nyingi yuko palepale, pengine katika kwaya, na hakuna anayemuuliza. Sisemi nidhamu ya Kanisa iondolewe. Nasema nidhamu inayomwona mmoja kati ya wawili haitoki katika Injili.

Hata hivyo, kuna njia ya kumsafisha Mariamu ambayo nayo ni mbaya. Wapo wanaosema: kumbe hakuwa kahaba, ndiyo maana Bwana alimtuma! Hapo tunatoka katika kosa moja na kuingia katika lingine, kwamba Mungu huwatumia wanawake wasio na doa tu. Luka haelekei huko. Katika orodha ileile anamtaja Yoana mke wa Kuza, wakili wa Herode. Herode ndiye aliyemwua Yohana Mbatizaji. Riziki ya nyumba ya Yoana ilitoka katika jumba hilo, na wanawake hawa walimhudumia Yesu kwa mali zao. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ndilo lililotupatia neno letu udiakonia. Kwa hiyo udiakonia tunaojivunia ulikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye jana alikuwa na pepo, na mwingine ambaye mumewe alimtumikia mfalme mwovu. Luka hakuficha lolote kati ya hayo.

Hapa ndipo imani yetu ya Kilutheri inapotusaidia. Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 alisema maisha yote ya mwamini ni toba. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha nane, linafundisha kwamba sakramenti hazipotezi nguvu kwa sababu ya uovu wa anayezitoa. Ikiwa tunalikiri hilo kwa mchungaji, je, tulikatae kwa mama mwenye hasira za karibu, anayedaiwa kwenye kikoba, au ambaye ndoa yake ilivunjika?

Wakazi wa delta wanaijua mitumbwi. Mtumbwi ukivuja kidogo, mwenyewe huchota maji na kuyamwaga huku safari ikiendelea. Hangoji ukauke kabisa ndipo avuke. Wala hasemi kuvuja si kitu, maana akiacha kuchota atazama. Toba ya kila siku ni kuchota huko. Aliyeiba sadaka airudishe, na funguo za sanduku azishike mwingine. Aliyemchafua jirani kwa maneno amwombe radhi. Lakini asiambiwe aache kuomba, kuimba na kuwatembelea wagonjwa mpaka awe mkamilifu, kwa maana siku hiyo haitafika upande huu wa kaburi.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa Wakristo tu wachache kati ya jirani zetu Waislamu, na watenda kazi ni wachache zaidi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, nani angemwuliza habari za ndoa yake mama anayegawa uji? Kama mikono yake ilifaa siku ya maji, inafaa na siku ya Jumapili.

Mitume walipoletewa habari za ufufuo na Mariamu, Yoana na wenzao, waliziona kama upuuzi (Luka 24:11). Habari zilikuwa za kweli hata hivyo, kwa sababu ukweli wake haukutoka katika sifa za waliozileta. Basi Pasaka ijayo, mhubiri asome Luka 8:1-3 polepole kabla ya kupanda mimbarani. Na mama anayejiona hafai asome Luka 24:10, aone majina ya wanawake waliotumwa wakati historia zao zinajulikana.