Madigadi, Keria na Taa

Baiskeli ya umeme inayouzwa ikiwa uchi, yaani fremu, mota, betri na magurudumu basi, inaendeka vizuri tu: mchana, jua likiwaka, na mwendeshaji akiwa hana mzigo. Ipeleke Ujerumani mwezi wa Novemba, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia na manyunyu hayakatiki, uone itamfaa nini mtu anayerudi kutoka kazini. Ndiyo maana kule kuivisha baiskeli madigadi, keria na taa kumekuwa ufundi wenye viwanda vyake na sheria zake, na mafundi wake wako tayari kubishania washa moja hadi chai ipoe.

Mteja huanza na taa, maana ndiyo inayovutia macho. Fundi anayejua kazi huanza na madigadi. Hii ikishakaa, keria itajua ipite wapi, na waya wa taa utajua ufuate njia gani.

Anapima tairi kwanza. La upana wa milimita 47, ambalo ni la kawaida kwa baiskeli za mjini, hutaka madigadi ya milimita 55 hivi, ili maji yanayorushwa pembeni nayo yadakwe. Kisha anaichomeka na kuitazama kwa ubavu, akiwa amechuchumaa. Anachotafuta ni nafasi kati ya tairi na madigadi iwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, upana wa kidole, bila kubana hapa na kupanuka pale. Fremu haimsaidii. Tundu la boliti nyuma ya kiti liko mbali mno na gurudumu, lile la chini karibu na pedeli liko karibu mno, na la kwenye foki nalo lina lake. Kwa hiyo anakata vipande vya bomba dogo la alumini, anaongeza washa ya chuma, anaongeza ya ngozi au mpira ili isigonge, anachomeka tena, anachuchumaa tena.

Hapo ndipo subira inapojulikana. Mwenye haraka atakaza boliti na kuivuta madigadi kwa nguvu hadi ifike pale anapotaka. Itafika, na machoni itapendeza. Lakini itakuwa imejikunja kwa kulazimishwa, na kila jiwe la barabarani litaipeleka ile nguvu kwenye tundu la boliti, mpaka siku moja ufa uanzie pale. Inavyotakiwa, ukilegeza boliti zote madigadi ibaki ilipo, haisogei wala hairuki, kama shati lililokatwa vizuri mabegani. Kwa baiskeli ya umeme jambo hili lina uzito zaidi. Baiskeli yenyewe aghalabu ina kilo 20 hadi 25, na mota, ambayo kwa sheria ya Ulaya husaidia hadi kilomita 25 kwa saa, humwezesha hata mtu aliyechoka kupita kwenye mawe ya barabara za mji wa kale kwa kasi ambayo kwa miguu yake peke yake angeiacha.

Fito za chuma zinazoishikilia madigadi huja ndefu kupita kiasi. Zinatiwa alama, zinakatwa kwa msumeno wa chuma, ncha zinapigwa tupa na kuvalishwa kofia ya plastiki. Ukiona baiskeli ambayo ncha zake zimeachwa zikichomoza kando ya gurudumu, aliyeifunga alikuwa na miadi kwingine. Madigadi za kampuni ya SKS ya mji wa Sundern, ambazo ni plastiki yenye utepe wa alumini katikati, zina kishikizo kidogo cha mbele ambacho mimi nakistahi kuliko mashine nyingi kubwa: kijiti kikinasa kati ya tairi na madigadi, fito zinaachia zenyewe, gurudumu linaendelea kuzunguka, na mtu harushwi mbele ya usukani. Chini kabisa ya madigadi ya mbele hufungwa kipande cha mpira kinachokaribia kugusa lami. Kinakinga viatu, lakini pia kinakinga mota iliyo katikati ya pedeli, na cheni, visipigwe mchanga na maji ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi.

Kwenye keria sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya mzigo. Mafundi wetu wa kuchomelea wamezibadili keria za baiskeli za Phoenix na Hero kwa nondo na vyuma vya pembe miaka mingi, zikabeba mkaa, madumu ya maji na mikungu ya ndizi. Na boda boda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli ya mpaka wa Kenya na Uganda yenye mto wa kukalia abiria juu ya keria. Tofauti ni kwamba fundi wa kwetu hupima kwa jicho na kwa kumbukumbu ya zile zilizovunjika. Keria ya Ulaya huja na namba imechapwa juu yake, mara nyingi kilo 25 au 27. Kampuni ya Tubus ya Münster, mji ambao baiskeli zimejaa kila kona, huunganisha mabomba membamba ya chuma chenye kromu na molibdeni, na keria yao iitwayo Cargo huruhusiwa kilo 40. Ukiishika mkononi huamini.

Mota ina hila yake hapa. Inauficha uzito. Mtu akipandisha kilima bila kuhema husahau alichobeba, na wiki inayofuata anaongeza. Kwa hiyo fundi anauliza kwanza utabeba nini, halafu anakukalisha uzungushe pedeli huku mfuko wa pembeni umening'inia. Mfuko unapaswa kukaa chini na karibu na wewe kadiri kisigino kinavyoruhusu. Kisigino kikigonga, keria inasogezwa nyuma kidogo. Ikisogezwa mno, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba. Baiskeli za umeme za zamani zilizobeba betri ndani ya keria zilikuwa na kasoro hiyohiyo: uzito ulikaa juu na nyuma, na aliyezishusha ngazi anajua.

Taa ndiyo inayonufaika zaidi na umeme. Ujerumani hadi mwaka 2013 sheria ililazimisha dainamo kwa karibu kila baiskeli, volti 6 na wati 3, basi. Baiskeli ya umeme ina betri kubwa tayari, na sheria inadai kwamba betri hiyo hata ikiisha nguvu za kusukuma, ibakize akiba ya kuwasha taa kwa saa 2 zaidi. Kabla ya kununua, uliza mota inatoa volti ngapi kwa taa. Nyingine hutoa 6, nyingine 12, na taa ya 6 ukiipa 12 unaiunguza.

Wingi wa mwanga haunishangazi. Kurunzi yoyote ya bei rahisi inaweza kung'aa. Kinachonishangaza ni umbo lake. Taa iliyopewa herufi K na namba yake, alama ya kukubaliwa Ujerumani, ina kioo cha ndani kilichopindwa ili mwanga ukatike juu kama uliokatwa kwa kisu. Barabara inaangazwa mbali na karibu kwa kiasi kinacholingana, na anayekuja mbele yako hapigwi machoni. Kuilenga kuna kanuni ya zamani ambayo bado ni mwanzo mzuri: mita 5 mbele ya taa, katikati ya mwanga iwe nusu ya kimo cha taa yenyewe. Unasimamisha baiskeli mbele ya ukuta, unapima, unakaza, kisha unakwenda barabarani usiku kurekebisha.

Ya nyuma ndiyo inayowaumbua wengi. Wanaifunga chini ya kiti, halafu wanaweka sanduku juu ya keria na taa inapotea. Mahali pake ni ukingo wa nyuma wa keria, au juu ya madigadi, waya ukipita ndani ya ukingo wake uliokunjwa, ukiachiwa ulegevu kidogo kwenye kila kona.

Kwamba vyote hivi vinapaswa kupangwa pamoja, René Herse na Alex Singer, waundaji wa baiskeli wa Levallois pembeni mwa Paris, walilijua tangu katikati ya karne iliyopita. Waliunda fremu huku wakijua tayari tairi gani, madigadi gani, keria gani na taa gani, na tundu la kila boliti likawekwa mahali pake kabla ya rangi. Viwanda vya baiskeli za umeme sasa vinawafuata kwa namna yao: keria imeungana na madigadi, taa imezamishwa ndani ya usukani. Zinapendeza, sikatai. Lakini nyingi ya sehemu hizo ni za modeli moja tu, na madigadi ikipasuka hakuna nyingine itakayoingia. Anayetaka kununua amuulize muuzaji kama kipande hicho kinauzwa peke yake, na aombe kukiona kwenye orodha kabla ya kutoa pesa.