Uhakiki: Sitiari ya Likizo katika Azimio la Arusha

Wanafunzi wetu hapa Bugolobi hulisoma Azimio la Arusha la mwaka 1967 kama historia tu. Katika uhakiki huu mfupi ninapendekeza tulisome pia kama nathari, hasa sehemu inayohusu juhudi ya kazi.

Sehemu hiyo huanza kwa hesabu. Mfanyakazi wa mjini hufanya kazi saa 45 hivi kwa wiki. Mama wa kijijini hufikisha saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili ikiwemo. Kisha wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mijini, wanaelezwa kuwa kama watu walio likizoni kwa nusu ya umri wao, nguvu zao zikiishia kwenye soga, ngoma na pombe.

Sitiari hii ina makali. Likizo ni haki ya aliyekwisha kufanya kazi. Kumpa asiyefanya ni kejeli inayouma bila tusi. Tena inamtetea mama anayebeba mzigo.

Hata hivyo kifungu kina udhaifu. Kinahesabu saa, hakiulizi sababu. Kabla yake, Azimio lenyewe linaonya kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima, lakini onyo hilo halimfikii mlevi; yeye anabaki mvivu tu. Isitoshe, mwaka huohuo serikali ilitwaa hisa nyingi za Tanzania Breweries. Aliyekemewa kwa kunywa akawa mteja wa umma! Na mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi ilipowasaka wasio na ajira mijini, kejeli iligeuka amri.

Suala hili si la Tanzania peke yake. Barabara ya Port Bell inapita hapa Bugolobi kwenda Luzira, kwenye kiwanda cha bia, na Jumatatu asubuhi viti vya darasani husema mengi. Je, mtoro, mlevi na mvivu ni mtu mmoja? Tukiyachanganya maneno haya matatu, tutakuwa tumemhukumu mtu kabla ya kumwuliza.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi hili: wakiandike upya kifungu hicho kwa nafsi ya kwanza, anayesema akiwa yule mwanamume aliyedaiwa kuwa likizoni. Hapo ndipo tutakapojua kama wameelewa sitiari, na kama wamemwelewa mtu.