Jicho la Kamera na Amana ya Msimulizi

Mwandishi wa masimulizi ya kweli, yaani yule anayesimulia maisha, safari au msiba uliotokea, aghalabu hupewa nasaha moja: andika kama mpiga sinema. Anza katikati ya tukio; onyesha badala ya kueleza; hamisha jicho kutoka chumba hiki hadi kile; ikate habari pale msomaji anapotamani iendelee. Nasaha hii ni njema, lakini ina sharti lisilotajwa mara nyingi. Kamera haiwezi kupiga picha ya kitu kisichokuwa mbele yake, kalamu yaweza. Mtengeneza filamu ya hadithi huajiri waigizaji ili kitu hicho kiwepo, na mtazamaji analijua hilo. Msimulizi wa kweli hana waigizaji. Ana mashahidi tu.

Inafaa ikumbukwe kwamba mbinu hizi hazikuzaliwa katika sinema. Mwaka 1944, Mrusi Sergei Eisenstein aliandika makala akionyesha jinsi D. W. Griffith, mwasisi mkubwa wa filamu za Marekani, alivyojifunza kwa riwaya za Charles Dickens namna ya kusimulia mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja. Nasi wa pwani hatukungoja ukumbi wa sinema. Watunzi wa tenzi za vita walijua kumhamisha msikilizaji kutoka kambi hii hadi ile kwa ubeti mmoja, na baadhi yao, kama Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyetunga juu ya Wadachi kutamalaki Mrima, walisimulia mambo yaliyotokea zama zao wenyewe. Kwa hiyo suala si kama mwandishi aazime au asiazime. Suala ni kipi anachokiazima, na kwa dhamana gani.

Tutazame vitabu viwili vya Wamarekani. Cha kwanza ni Hiroshima cha John Hersey, kilichotoka kwanza katika jarida la The New Yorker tarehe 31 Agosti 1946, toleo zima likiachiwa habari hiyo moja. Hersey aliwachagua watu sita walionusurika. Anatuonyesha kila mmoja alikuwa akifanya nini asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu lilipolipuka: karani anamgeukia mwenzake wa meza ya pili, daktari amekaa barazani akisoma gazeti, mjane yuko dirishani akimtazama jirani anavyobomoa nyumba yake. Mwanga ule mmoja unarudiwa mara sita, kila mara kwa jicho jingine. Huu ni ukataji wa sinema, lakini kila kipande kina mwenyewe. Hatupandishwi ndani ya ndege, wala hatuoneshwi mji kutoka juu. Tunaona alichokiona aliyekuwapo, basi. Ukubwa wa msiba unatokana na udogo wa mahali tulipowekwa kusimama.

Cha pili ni In Cold Blood cha Truman Capote, kilichotoka kuwa kitabu mwaka 1966, juu ya mauaji ya watu wanne wa familia ya Clutter huko Holcomb, Kansas, mwezi Novemba 1959. Sehemu yake ya kwanza ni somo la ukataji. Huku binti Nancy anamfundisha mtoto wa jirani kuoka pai ya cheri. Kule watu wawili wamo garini, wananunua kamba na kuvuka mamia ya kilomita kuijia nyumba ile. Kisha, gari linapofika, Capote anakata. Tunaamkia asubuhi, maiti zimekwisha kukutwa. Usiku wenyewe hatuuoni mpaka mbele sana, kwa kinywa cha muuaji anayekiri. Hapo sanaa na uaminifu vimekwenda pamoja: aliyeona ndiye anayetuonyesha.

Lakini mwisho wa kitabu ni habari nyingine. Mpelelezi Alvin Dewey anakutana makaburini na msichana Susan Kidwell, rafiki wa marehemu Nancy. Wanazungumza, msichana anakwenda zake, upepo unavuma katika ngano. Ni picha ya kufungia filamu, kamera ikirudi nyuma taratibu. Gerald Clarke, katika wasifu wa Capote wa mwaka 1988, alieleza kuwa mkutano huo ulibuniwa. Kitabu kilichokuwa kikielekea kwenye kitanzi kikapewa faraja ambayo maisha hayakuitoa, ilhali jalada lake lilitangaza habari ya kweli. Hasara yake haiishii kwenye kurasa zile chache. Msomaji akishajua, hurudi nyuma akijiuliza: na yale mengine?

Ubunifu wa wazi, hata hivyo, ndio hatari iliyo rahisi kuigundua. Iliyo ngumu imo katika mkato wenyewe. Lev Kuleshov, baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, na uso haukuwa umebadilika. Basi mwandishi anayeweka mambo mawili ubavuni amekwisha kusema la tatu, bila kuliandika. Naye atadaiwa hilo la tatu.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa Fumba, akatembeza mjini vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mwandishi wa leo anayeikata picha ya mchuuzi wa vyungu akaiunga na ya mwimbaji mbele ya kinasa sauti amefanya halali: ncha zote mbili zinajulikana, na dai lililo katikati, kwamba sauti ni moja, linaweza kutetewa. Akiongeza chozi linalomtiririka Siti kabla ya kuanza kuimba, tutamuuliza: nani aliliona?

Wazee wetu waliosomesha hadithi walikuwa na jina la swali hilo: isnadi. Neno halikupokelewa kwa uzuri wake tu, bali kwa mnyororo wa waliolisikia. Hersey anao, ndiyo maana kitabu chake hakijayumba. Sinema itupe jicho, itupe na mkasi. Sisi tuutie isnadi kila mkato. Na pale mnyororo unapokatika, tuseme yamkini, au tunyamaze. Mpenzi wa ushairi anajua kwamba kimya nacho kina mizani yake.