Ustadi wa Kiungo Kisichovuja

Maji ya mserereko, yaani yale yanayoshuka kwa mteremko bila kusukumwa na pampu, ni neema kwa mji ulio chini ya Kilimanjaro kama Moshi, lakini neema hiyo huja na shinikizo, ambalo ni nguvu ya maji dhidi ya kuta za bomba, nalo huongezeka kwa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Bomba likishuka kimo cha mita 300 bila kukatizwa, viungo vya chini hubeba karibu bar 30 maji yanapotulia, hasa usiku wa manane koki zikiwa zimefungwa, na mabomba mengi ya plastiki hayakuundwa kuhimili mzigo huo. Kwa hiyo mafundi hujenga njiani matangi ya kupunguza shinikizo, ambamo maji hukutana na hewa, hupoteza nguvu yake, kisha huanza kushuka upya.

Wachagga waliijua kazi ya kuzuia maji yasivuje kabla ya bomba: mifongo, mifereji yao ya asili, ilizibwa ilipovuja kwa udongo, mawe na majani ya migomba, na matengenezo yake yalikuwa wajibu wa wote walioitegemea.

Kiwandani mambo ni magumu zaidi. Katika kiwanda cha sukari cha TPC, huko Arusha Chini, makapi ya miwa huchomwa ili kuzalisha mvuke, na bomba la chuma la mita 10 likipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 12, urefu ambao usipoachiwa nafasi kwa kulipinda bomba utaviumiza viungo. Hapo ndipo flanji, yaani mabamba mawili ya duara yanayobana gasketi katikati, humpima fundi: bolti hukazwa kwa kukabiliana, awamu kwa awamu, kwani anayemaliza moja kabla ya kuigusa ya mkabala huiminya gasketi upande mmoja, na kosa hilo (ambalo haraka ndiyo huzaa, mara chache ujinga) huenda lisionekane hadi mvuke ufunguliwe.

Sherehe za uzinduzi humsifu aliyeleta maji, ilhali anayeyazuia yasipotee hutajwa siku bomba linapopasuka. Wanaomwajiri na wampe muda wa ukaguzi, vipuri ghalani na spana yenye kipimo kabla kiungo hakijaanza kulowa.