Mota mbili za kigari kwenye meza ya msukaji

Mpwa wangu aliingia karakana jioni na mota mbili mfukoni. Muuzaji alikuwa amemwachia azipeleke akazichague nyumbani, simu yake ikabaki dukani rehani. Zote mbili hazina kaboni, zote zina kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50, ndicho kipimo ambacho wauzaji wa vigari vya rimoti hukiandika 3650. Moja imechapwa 4300, nyingine 3300.

"Mujomba, hii ya 4300 ndiyo ya nguvu," akasema, na ile nyingine akaisukuma pembeni kama kesi imekwisha kukatwa.

Kazi yangu ni kusuka mota. Hapa Lubumbashi tunaiita bobinaji. Nasuka za mashine za kusaga mahindi, za pampu za visima, mara chache za karakana za migodi. Mota ya kigari inalala kiganjani, ya kinu inabebwa na watu wawili, lakini nyingi za vinu nazo hazina kaboni: ni shaba iliyosukwa kwa njia tatu kwenye mifereji ya chuma, na katikati kitu kinachozunguka bila kuguswa. Tofauti ni kwamba mota ya kigari imewekewa sumaku kwenye shafti, na umeme wake hugawiwa na kidhibiti badala ya kuja tayari kutoka nguzo ya SNEL, shirika letu la umeme. Jicho linalopima ni lile lile.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayowapoteza vijana. Hiyo 4300 ni raundi kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haivuti kitu. Betri ya seli mbili ina volti 7.4, kwa hiyo unapata raundi 31,820. Ile ya 3300 inapata 24,420. Hizo ni mbio. Nguvu ya kusukuma ni jambo jingine, tena huenda kinyume: kwa umbo lile lile na ampea zile zile, ya 3300 inasukuma kwa asilimia 30 hivi zaidi. Msukaji haoni ajabu. Ukipunguza mizunguko ya waya kwenye jino la chuma, mota itakimbia na itakula ampea. Hata bila kuipunguza, nyuzi zilizofungwa pembetatu hukimbia mara 1.73 kuliko zikifungwa nyota, na hujaongeza hata gramu ya shaba. Wenye vinu vikubwa wanaijua hesabu hii, maana mota zao huwashwa kwa nyota kwanza, ndipo hugeuzwa pembetatu.

Kwa hiyo mbio utazirekebisha kwa kubadilisha gia. Shaba iliyokosekana ndani huwezi kuiongeza.

Nikaziweka kwenye mizani. Ya 3300 ilikuwa nzito zaidi, na kwa mota za umbo moja uzito ni shahidi mzuri: umetokana na shaba, chuma na sumaku, vitu ambavyo mtengenezaji wa mota za rahisi huvipunguza kwanza. Kisha nikalegeza skurubu na kutoa kifuniko cha nyuma. Hapa ndipo penye utamu. Kwenye ya 3300 nyuzi zilikuwa zimelala bega kwa bega, mfereji umejaa, vichwa vya koili vimefungwa vifupi karibu na chuma, na vanishi imepenya hadi chini, rangi ya asali. Kwenye ya 4300 niliona hewa. Nyuzi chache, zimepishana kama kuni zilizotupwa, na upande mmoja koili imechomoza hadi inakaribia kugusa kifuniko. Nilipougusa uzi mmoja kwa kijiti, ukatikisika. Uzi unaotikisika leo utajisugua kwenye jirani yake raundi elfu ishirini kwa dakika, na siku vanishi ikiisha hapo, mota imekufa.

Waya za kutokea nje nazo nilizikwaruza kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Naogopa jambo hili kwa sababu limewahi kunipata: nilinunua mota ya pampu dukani, nikajisifu kwa bei, na ilipoungua nikakuta ndani imesukwa kwa alumini tupu. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba. Kuuziwa hiyo katika mji huu, ambao shaba yake ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911 na lundo la mabaki yake bado linaonekana kutoka mbali, kulinichoma kuliko hasara yenyewe.

Kuna jaribio lisilohitaji hata betri. Kunja waya mbili kati ya tatu zigusane, zungusha shafti kwa vidole, usikilize inavyokataa. Badilisha jozi, kisha jozi ya tatu. Ukaidi uwe sawa mara zote tatu. Mita ya kawaida haitakusaidia hapa, kwa sababu omu zenyewe ni ndogo mno, lakini vidole vinasema. Ya 4300 ilikuwa laini kidogo kwenye jozi moja. Beringi pia ipime kwa vidole: shafti ikienda mbele na nyuma kidogo, si neno, ikicheza kushoto na kulia, irudishe dukani.

Kuhusu sensa sina mengi. Mota isiyo nayo hukwamakwama wakati wa kuondoka, basi. Kwa mtoto anayekimbiza kwenye uwanja wa mpira haisumbui.

Ninachosisitiza zaidi ni vumbi. Wauzaji husifu mota zenye matundu kwa kuwa zinapoa haraka, na ni kweli kwenye njia safi. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu. Litaingia kwenye beringi. Hapa chukua iliyozibwa. Halafu kumbuka tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hata mota kubwa za viwandani vibao vyake huandikwa kwa kudhani mwinuko hauzidi mita 1,000. Hewa nyepesi hupoza kidogo, kwa hiyo gia iwe ya upole.

Alirudisha ile ya 4300, akachukua simu yake. Jumamosi tulifunga iliyobaki, akaikimbiza dakika kumi barabarani mbele ya nyumba, watoto wenye magari yao ya waya wakiifuata nyuma. Alipoileta nikamwambia aweke kidole kwenye gamba la mota ahesabu. Akafika saba ndipo akakitoa.

"Inachoma kidogo, mujomba."

Nikamwambia tupunguze jino moja kwenye gia ya mota.