Goli la Aziz Ki Lilimezwa na Ukungu wa Picha

Tuanze na hukumu. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania alikosea kuacha mchezo uendelee bila kwenda kuitazama skrini usiku ule wa Ijumaa, 5 Aprili 2024, pale Loftus Versfeld, Pretoria, Yanga walipocheza na Mamelodi Sundowns. Kwa macho yangu shuti lile la Aziz Ki lilikuwa goli. Na hata wewe usiyekubali kwamba lilikuwa goli, nisome hadi mwisho, kwa sababu ugomvi wangu mkubwa ni namna uamuzi ulivyofikiwa.

Mechi mliiona, sina haja ya kuisimulia. Kocha Gamondi aliwapanga vijana wa Yanga vizuri, Diarra alisimama imara langoni, dakika 180 za nyumbani na ugenini ziliisha bila goli lililokubaliwa, na kipa Ronwen Williams, aliyetoka kutamba kwenye penalti za AFCON miezi miwili kabla, akaivusha Mamelodi Sundowns kwa mikwaju 3-2. Yanga nje ya Ligi ya Mabingwa, hatua ya robo fainali. Hayo yote hayana utata.

Utata ni sekunde moja ya kipindi cha pili. Stephane Aziz Ki anapiga shuti, mpira unagonga mtambaa panya kwa chini, unadunda, unarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wanainua mikono. Chumba cha waamuzi wa video (VAR) kinakagua. Beida anasubiri, kisha anaashiria mpira uendelee. Hapa Kwa Mrombo, Arusha, ukitaka sahani ya mbuzi choma ipoe mezani bila kuguswa, taja mpira ule. Watani wa Simba, ambao usiku huohuo walitolewa na Al Ahly kule Cairo, watakwambia mpira uligusa mstari. Watu wa Jangwani, yaani wa Yanga, watakutolea simu na picha yenye majani ya kijani kati ya mpira na chaki. Kila upande una picha, na kila upande unaamini picha yake imemaliza kesi.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Sheria ya 10 ya soka inataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Upana wa mstari hauzidi sentimita 12. Mpira wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 una kipenyo cha kama sentimita 22. Kwa hiyo kesi nzima inahusu kingo mbili tu: ukingo wa mpira ulioelekea uwanjani, na ukingo wa mstari ulioelekea wavuni. Je, kati yao palikuwa na nafasi, hata ya upana wa wembe? Mpira una weupe, mstari ni mweupe, nafasi ni kijani. Anayesema si goli anasema hakuiona kijani. Mimi namuuliza: kamera ile ilikuwa na uwezo wa kukuonyesha?

Ili kupata jibu, jaribu jambo dogo kesho jua likiwaka. Simama mbele ya ukuta mweupe, mkono mmoja uwe umbali wa mita 2 kutoka ukutani, mwingine uwe karibu zaidi na ukuta. Visogeze vivuli vyake taratibu, kimoja kielekee kingine. Kabla hujaviona vimekutana, kimoja kitatoa kinundu cheusi kukifuata kingine, na ghafla vitaungana, wakati mikono yenyewe haijagusana kabisa. Hakuna uchawi. Jua si nukta; ni duara lenye upana wa kama nusu nyuzi angani, ndiyo maana kila kivuli kina ukingo hafifu ambao si giza wala si mwanga. Kwa mkono ulio mita 2 kutoka ukutani, ukingo huo una upana wa karibu sentimita 2. Ndani ya ukingo huo mkono wa kushoto umeziba nusu ya jua, na wa kulia umeziba nusu iliyobaki. Kila mmoja peke yake unakuachia mwanga. Ikiwa pamoja hakibaki kitu. Nusu na nusu ni nzima, na palipokuwa na nafasi panageuka giza.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwenye kamera, ila badala ya giza weka weupe. Chukulia mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde, na kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde. Kati ya picha na picha mpira umesafiri sentimita 40, karibu mara mbili ya kipenyo chake. Mlango wa kamera ukiwa wazi kwa sekunde moja ya mia mbili tu, mpira unajipaka kwenye picha kwa sentimita 10. Ongeza lenzi isiyoshika umbali ule barabara, ongeza taa za usiku zinazofanya kitu cheupe kivimbe kwenye skrini. Ukingo wa mpira unamwaga weupe wake upande mmoja wa kijani, chaki inamwaga wake upande wa pili. Nusu weupe na nusu weupe, jumla yake weupe. Majani yaliyokuwepo uwanjani hayamo tena kwenye picha. Mpira na mstari vimeungana, kama vile vivuli vya ukutani, bila kugusana.

Kwa hiyo picha inayoonyesha mpira "umegusa" mstari haina uzito wanaoupa. Kuungana kwa kingo mbili zenye ukungu ndiko tunakokutegemea hata pale ambapo nafasi ipo. Ukungu kama huo huziba nafasi kwa urahisi. Na anayeikuza picha hiyo kwenye simu mpaka mpira unakuwa miraba ya rangi hajaongeza taarifa hata moja. Ameukuza ukungu.

Nitawapa wapinzani haki yao. Wana hoja moja nzuri. Mpira ni wa mviringo, na sehemu yake pana zaidi ipo sentimita 11 juu ya ardhi. Kamera iliyo juu jukwaani, upande wa uwanja, inaweza kuona majani kati ya mstari na mahali mpira ulipogusa ardhi, huku ubavu wa mpira bado umening'inia juu ya chaki. Picha ya watu wa Jangwani nayo, ikiwa peke yake, haitoshi. Kamera inayoweza kuapa ni ile iliyokaa sawa na mstari wa goli, au kamera kadhaa zinazopimwa kwa pamoja. Loftus hapakuwa na mtambo wa mstari wa goli, ule unaomwambia mwamuzi kama mpira umevuka.

Sasa rudi kwa Beida. Hana mtambo, na picha zilizopo zina ukungu na pembe mbovu. Najua watetezi wake watanifungulia itifaki ya VAR: jambo la uhakika kama mpira kuvuka mstari, VAR anaweza kulimaliza bila kumwita mwamuzi kwenye skrini. Ni kweli. Lakini itifaki hiyohiyo inamruhusu mwamuzi kwenda kutazama mwenyewe pale uamuzi unapobeba mechi nzima na wachezaji wanahitaji kuridhishwa. Kama mechi ya robo fainali iliyo 0-0 kwa jumla haistahili safari hiyo, ni ipi inayostahili? Angekwenda, akatazama kila pembe, akarudi na jibu lilelile, ningelalamika kuhusu jibu tu. Hakwenda. Na kwa kuwa Sundowns ni klabu ya familia ya Patrice Motsepe, rais wa CAF, kutokwenda kwake kuliwapa watu sababu ya kunong'ona mambo ambayo mimi sina ushahidi nayo na sitayaandika. Mwamuzi mwenye busara hujua kwamba uwazi ni sehemu ya kazi yake.

Wazee walijua. Wembley, 1966, fainali ya Kombe la Dunia: shuti la Geoff Hurst linagonga mtambaa panya kwa chini na kudunda, tukio ndugu kabisa na la Aziz Ki. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na skrini wala kifaa cha masikioni. Alitembea hadi kwa mshika kibendera, Tofiq Bahramov, mbele ya uwanja mzima, akamuuliza, kisha akaamua. Mwaka 1996 wataalamu wa Oxford, Ian Reid na Andrew Zisserman, waliupima mpira ule kwa jiometri ya picha wakakuta haukuvuka wote. Sawa, jibu lilikuwa baya. Lakini Dienst alitembea. Asiye na skrini alitafuta jicho la pili, mwenye skrini akabaki alipo. Miaka 58 ya maendeleo imetupa waamuzi wenye vifaa vingi na miguu mizito.

Kinachouma zaidi ni kwamba Afrika Kusini ndiko somo hili lilikofundishiwa dunia. Bloemfontein, 27 Juni 2010, Kombe la Dunia, England na Ujerumani: shuti la Frank Lampard linagonga mtambaa panya, linadunda ndani waziwazi, na mwamuzi Jorge Larrionda anasema cheza. Aibu ile iliwasukuma wakubwa wa soka kuukubali mtambo wa mstari wa goli Julai 2012. Kwenye Kombe la Dunia la Brazil 2014 ulitumika. Saa ya mwamuzi hutikisika ndani ya sekunde moja, na ubishi unaisha. Kamera zake hupiga picha kwa kasi kubwa kutoka pande nyingi, hivyo ukungu wa moja hurekebishwa na nyingine. Miaka 14 baada ya Lampard, katika nchi ileile, sisi tulirudi kubishana juu ya picha iliyogandishwa.

Na hapa siwezi kuwaacha wachambuzi wetu wa runinga. Kuchora mshale mwekundu juu ya picha yenye ukungu si uchambuzi. Enzi za Radio Tanzania, Ahmed Jongo na Charles Hilary walitutangazia mpira bila picha yoyote, na ulijua mpira uko wapi. Leo tuna skrini kubwa, na mtu aliyevaa suti anagandisha fremu moja kati ya hamsini, fremu inayomfaa, halafu anatangaza hukumu. Hasemi kamera ilikuwa wapi wala mpira ulikuwa na kasi gani, na fremu ya kabla na ya baada hatuonyeshi. Anayeheshimu watazamaji angeonyesha zote tatu na kusema waziwazi ukungu una upana gani.

Sasa tuangalie kwetu. Uwanja unajengwa Olmoti, hapa Arusha, wa watazamaji 30,000, kwa ajili ya AFCON 2027 tunayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kila kiongozi anayepita pale anazungumzia viti, paa na barabara. Sijamsikia anayeulizia kamera za mstari wa goli. TFF na kamati ya maandalizi waidai CAF mtambo huo katika kila uwanja wa mashindano, na waidai kwa maandishi, mapema, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Wakikataa, wananchi waambiwe nani amekataa na kwa sababu gani.